Ziwa Empakai kwa miguu: mapitio ya safari ya kulala ukingoni

Nianze na hukumu, maana najua msomaji mwingi anataka kujua kwanza kama pesa yake itapotea. Haitapotea. Ziwa Empakai, lile la magadi lililokaa ndani ya kreta juu ya milima ya Ngorongoro, ni la kwenda kulitazama hata kama umeshashuka kreta kubwa ya Ngorongoro mara ngapi. Sharti langu ni moja tu: usikubali kampuni yoyote ikupeleke na kukurudisha siku hiyo hiyo. Safari yetu naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia nitaeleza imekwenda wapi, na kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu malalamiko niliwapelekea wao wenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, fundi umeme, nafanyia kazi Arusha. Kwetu maji ya ziwa hunywewa, hupikiwa, huogewa, na ukiuliza njia ya kwenda kwa fulani unaweza kuelekezwa kwa mtumbwi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alipomaliza chuo akasema zawadi anayoitaka ni kuona ziwa lililo juu ya mlima na lisilonyweka. Nilikubali kwa furaha, kwa sababu nami nilikuwa na hamu hiyo hiyo miaka mingi.

Tulitoka Karatu alfajiri tukaingia Lango la Lodoare, mlango wa hifadhi ya Ngorongoro. Hapo kampuni ilistahili sifa: makaratasi yote yalikuwa tayari. Ada za hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa noti dirishani, na wakala asiyejipanga anaweza kukulia asubuhi nzima getini huku jua linapanda. Sisi tulionyesha vitambulisho vya NIDA, karatasi ikakaguliwa, tukapita. Mtanzania hulipa kwa shilingi na kiwango chake ni cha chini sana kuliko cha mgeni, kwa hiyo kitambulisho usikiache nyumbani.

Juu, pale watu wanaposimama kupiga picha za kreta kubwa, magari mengi hushika kushoto. Sisi tukashika kulia, tukauzunguka ukingo wa mashariki mpaka kijiji cha Nainokanoka, ambako askari wa hifadhi alitusubiri na bunduki yake. Huyo si wa hiari. Kutembea Empakai bila askari mwenye silaha hairuhusiwi, na ukishaona nyayo za nyati kwenye njia ya msituni huulizi tena sababu. Baada ya Nainokanoka unaupita mlima Olmoti, kisha unateremkia bonde la Bulbul, uwanda wa nyasi wazi uliozungukwa na milima, wenye boma za Wamasai, punda waliobebeshwa madumu ya maji, na ng'ombe wanaolisha jirani na pundamilia pasipo mmoja kumjali mwenzake. Dereva wetu alikuwa mtu wa kusifiwa. Hakukimbiza gari, hakupiga picha za watu kupitia dirishani, na akina mama waliokuwa na mizigo barabarani aliwapisha kwa mbali ili vumbi lisiwamwagikie. Nawashauri muwaombe madereva wenu wafanye vivyo hivyo. Ni njia ya watu wanaoishi pale.

Barabara yenyewe sitaipamba. Wakati wa kiangazi ni vumbi na makorongo, wakati wa mvua ni tope jeusi. Gari dogo lisijaribu kabisa. Hata Land Cruiser inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne ilikuwa inalalama kwenye mwinuko wa mwisho.

Kisha unafika ukingoni, na gari linazimwa.

Nimeliangalia ziwa tangu sijajua kutembea, lakini sikuwahi kuliangalia kutoka juu namna ile. Kreta ina upana wa takriban kilomita 6, na ziwa limefunika sehemu kubwa ya sakafu yake. Kuta zimevaa msitu mpaka chini kabisa. Maji yalikuwa ya kijani kibichi pembeni na ya buluu nzito katikati, na kwenye mwambao kulikuwa na utepe mwembamba wa waridi ambao shemeji aliudhania ni udongo. Askari akampa darubini. "Angalia vizuri," akamwambia, "udongo huo unatembea." Walikuwa heroe, wale ambao wengi tunawaita flamingo.

Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo penye thamani ya safari nzima. Maziwa ya magadi tuliyoyazoea kaskazini, Natron, Manyara, Eyasi, ni sahani pana zenye maji kidogo. Natron mtu mzima angeweza kusimama sehemu nyingi na kichwa kikabaki nje. Empakai si hivyo. Kina chake kinafika takriban mita 80. Sasa mtu wa Ukerewe akisikia mita 80 anashtuka, kwa kuwa Ziwa Victoria lote, na ukubwa wake wote wa nchi tatu, mahali pake penye kina kirefu kabisa hapazidi sana hapo. Victoria huwezi kuona ng'ambo. Hili unaliona lote kwa mtazamo mmoja, ukiwa umeketi juu ya jiwe na kikombe cha chai, na bado lina kina cha kulingana na lile. Tena limekaa juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Victoria lililoko mita 1,134.

Shemeji akauliza swali ambalo ningependa kila anayekwenda kule aulize: maji haya yanatokea wapi? Yanaingia, askari akamjibu, hayatoki. Victoria lina mlango wake Jinja, maji yanaondoka na Nile na kuchukua chumvi zake. Empakai ni shimo lililobaki baada ya kilele cha volkano kuporomoka ndani. Mvua inanyesha, maji yanateremka kutoka kwenye kuta, yanapita kwenye miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi, yanafika chini na kukwama. Njia pekee ya kuondoka ni kuvukizwa na jua, na jua halibebi chumvi. Mwaka juu ya mwaka magadi yanabaki. Nilifundishwa jambo hili darasani nikalikariri kwa ajili ya mtihani. Pale ukingoni nilimsikiliza kijana mwenye bunduki begani akilieleza kwa sentensi chache, mkono wake ukionyesha kuta, na nikaona mfumo mzima mbele ya macho. Huduma ya namna hiyo haiandikwi kwenye bei ya kifurushi, lakini ndiyo iliyonifanya nitoe nyota nne bila kusita.

Sasa usiku, na ile nyota iliyopungua.

Ukingo wa Empakai upande wa mashariki unapita mita 3,200. Kambi haiko juu kabisa kiasi hicho, lakini baridi yake si ya mchezo, hasa miezi ya Juni hadi Agosti. Ukungu ulipanda kutoka kreta jua lilipozama na kila kitu kikalowa. Kampuni ilituletea slipingi begi nyembamba za kulalia Manyara au pwani. Hema langu zipu yake ilikuwa imekufa, mlango tukaubana kwa pini za nguo. Shemeji alilala na koti, soksi jozi mbili na blanketi ya Kimasai aliyoazimwa na dereva. Nasema kwa uzito: huku si kuwaonea. Anayeuza usiku mmoja kwenye kimo kile anajua hali ya hewa ya kimo kile. Mteja ndiye asiyejua. Kumpeleka mtu na vifaa vya bondeni ni kumhatarisha, na angekuwa mzee wa miaka 70 au mtoto tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Hatukuelezwa pia kwamba juu kule pumzi hupungua. Kichwa kiliniuma jioni mpaka nilipokunywa maji mengi na kupumzika.

Mpishi, kwa upande wake, alijua anakokwenda. Kwenye kimo cha mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo maharage mabichi yangekesha jikoni. Yeye alikuja nayo yameshachemshwa, akayaunga tu kwa kitunguu na nazi, na wali, na mchicha. Chai ya tangawizi haikukatika. Maji yote ya kunywa na kupikia yalitoka mjini ndani ya madumu, na aliyagawa kwa hesabu bila kumnyima mtu. Nilimpa mkono wa shukrani mwenyewe, na ningemwajiri kesho.

Neno moja la fundi: baridi hupunguza nguvu ya betri. Simu iliyokuwa na chaji nusu jioni inaweza kuwa imekufa alfajiri. Lala nayo ndani ya slipingi begi, pamoja na betri za kamera. Taa ya sola ya kambini ilififia mapema. Dereva alikuwa na tochi nzuri, nasi tukawa sawa.

Alfajiri ukungu ulikuwa umeshuka, na askari akatuamsha kabla ya chai. Alitupeleka hatua chache hadi mahali ambapo msitu unafunguka upande wa kaskazini mashariki, na pale Ol Doinyo Lengai ilikuwa imesimama peke yake, yenye ncha, na michirizi myeupe ubavuni. Huo ndio mlima pekee duniani unaojulikana kutema leo lava ya kaboneti ya sodiamu, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya kupigwa na hewa na unyevu. Mlipuko wake mkubwa wa karibuni ulianza mwaka 2007 ukaendelea hadi 2008. Nyuma yake, chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, Ziwa Natron lilionekana kama kioo kilichofifia. Kwa Wamasai mlima ule ni mtakatifu. Askari, ambaye ni wa huko, alivua kofia akakaa kimya, nasi tukakaa kimya naye. Siku zilizo safi zaidi, alisema, Kilimanjaro nayo huonekana. Sisi hatukuiona, na sikujali.

Kushuka kunachukua kati ya dakika 45 na saa nzima. Njia ni nyembamba, mwinuko mkali, udongo unateleza penye umande. Mwanzoni kuna miti ya Hagenia, mizee, magome mekundu yanabanduka vipande vipande, kuvumwani za kijani hafifu zinaning'inia kwenye matawi. Pembeni ya njia kuna majani marefu yanayowasha vibaya mno, kwa hiyo suruali ndefu na mikono mirefu ni lazima. Kima walikuwa juu yetu wakivunja matawi. Tulisimama mara moja kwa muda mrefu, askari akiwa amenyoosha kiganja nyuma kutuzuia, kwa sababu alisikia kitu kichakani. "Mzee, hapa hatuongei," aliniambia kwa sauti ya chini nilipotaka kuuliza. Alikuwa nyati dume mmoja. Tulisikia tu akiondoka. Tangu hapo nilitembea kwenye nyayo za yule kijana kama nilivyoambiwa.

Ukifika chini msitu unakatika ghafla, kuna nyasi, kisha tope la kijivu lenye vumbi jeupe la magadi juu yake, kisha maji. Nilichovya vidole. Maji yanateleza, na yakikauka ngozi inabaki na unga na kukakamaa. Harufu ni nzito, ya mwani. Macho yangu yalifanya kazi ambayo yameizoea tangu utoto, yakatafuta mtumbwi, wavu, mwalo, mtu anayefua, mtoto anayeogelea. Hakuna hata kimoja. Pwani nzima ile haina alama ya mtu isipokuwa nyayo za waliotangulia na kwato za wanyama. Nilihuzunika kidogo, na ghafla nikafurahi, sijui niseme vipi. Ni ziwa ambalo halijatumwa kazi na mtu yeyote.

Lakini si ziwa tupu. Katika maji yale ya chumvi hustawi mwani mdogo sana usioonekana kwa jicho, na huo ndio chakula cha heroe wadogo. Wanainamisha kichwa mpaka mdomo unakuwa juu chini, wanasukuma maji kwa ulimi kupitia vichujio vya mdomoni, mwani unabaki, maji yanatoka. Rangi yao ya waridi inatokana na chakula hicho. Kifaranga huanza na manyoya ya kijivu. Hawazaliani hapa. Wengi wa heroe wadogo wa Afrika Mashariki huanguliwa Natron, kule tulikokuona asubuhi, kisha hutawanyika kwenye maziwa ya magadi kufuata chakula. Kwa hiyo kuona Natron alfajiri na kuwaona ndege hawa saa chache baadaye ni kuona nyumbani kwao na mahali pao pa kulia chakula katika asubuhi moja. Ndiyo sababu nyingine ya kulala ukingoni.

Tulikaa ufukweni muda mrefu. Askari alituomba tusiwasogelee ndege, kwa kuwa kila wakiruka kwa woga wanapoteza nguvu ambayo wameitafuta tone kwa tone. Kulikuwa na kundi lingine la watalii siku ile, waliokuja kwa safari ya siku moja. Walifika jua likiwa limeshapanda, wametoka jasho, wakapiga picha, wakatazama saa, wakaanza kupanda. Sikuona hata mmoja akikaa chini. Gari lao lilikuwa na safari ndefu ya kurudi na lango hufungwa jioni, kwa hiyo siwalaumu wao. Namlaumu aliyewauzia ratiba ile. Kampuni yetu nayo mwanzoni ilitupendekezea kreta kubwa asubuhi na Empakai mchana, vyote siku moja. Nilikataa kwenye simu, wakakubali kubadilisha, na kwa hilo nawashukuru. Ila pendekezo lile lisingepaswa kuwepo. Ukiliona kwenye karatasi ya bei mahali popote, lifute.

Kupanda ndiko kunakodai. Tulitumia saa moja na nusu, tukisimama mara kwa mara, na hewa ile nyepesi inamkumbusha mtu umri wake. Hakuna gari linaloshuka, hakuna machela, hakuna njia ya mkato. Mwenye magoti mabovu, mwenye shinikizo la damu lisilotulia au mjamzito abaki juu na mpishi. Mandhari ya ukingoni peke yake yanatosha kuifanya safari iwe na maana, na hilo nalisema kwa dhati kabisa. Fimbo za kutembelea kampuni haikuleta. Askari alitukatia za kuokota, kavu, kutoka ardhini. Maji lita mbili kwa kila mtu si mengi. Lanchi boksi tulizobeba zilikuwa na mayai ya kuchemsha, chapati, karanga na ndizi, na hakuna chakula kilichowahi kunoga kama chapati ile nusu njia. Maganda yote tulipanda nayo.

Kuhusu bahashishi: askari na mpishi tuliwapa wenyewe mkononi, si kupitia ofisini, na ndivyo ninavyowashauri. Picha za watu wa bomani tusipige bila kuomba. Viatu viwe vimeshavaliwa nyumbani vikalainika, visiwe vipya siku ile. Msimu mzuri ni kiangazi, Juni hadi Oktoba, kwa barabara na kwa kuona mbali, ila baridi ndipo inapokolea. Januari na Februari pia panapitika na usiku una huruma kidogo. Machi hadi Mei sikushauri, tope la Bulbul litakula siku yako.

Tuliporudi niliwaandikia kampuni kuhusu slipingi begi, zipu na kukosa maelezo ya kimo. Meneja alinipigia mwenyewe, hakubishana, akasema vifaa vya mlimani watavinunua kabla ya msimu ujao na karatasi ya ushauri kwa wateja itataja kimo na baridi. Mke wangu anataka kwenda mwakani na watoto wakubwa. Nitaomba kuonyeshwa hizo slipingi begi ofisini kabla ya kulipa hata senti, na nikizikuta nitarudi hapa kuongeza nyota ya tano.